Kioo Namba Kumi na Saba

Kitambaa kilikuwa kimeshaingia weusi ndipo mama wa usafi alipotupia jicho kioo cha pili cha picha, akaganda. Nacho kilikuwa na vile vidoadoa. Na cha tatu. Vimejipanga, kila kimoja juu ya mstari wake. Nzi gani huyo anayekunya kwa foleni?

Msimamizi alisema wageni wanakuja, kila kitu king'ae. Mama alipoona madoa alidhani ni mavi ya nzi, akakipumulia kioo cha kwanza, akafuta. Kumbe ni wino wa Mzee wa Nyota, mwalimu mkongwe wa hapo. Miaka thelathini mzee yule alipiga picha mafungu ya nyota kongwe yaliyo karibu na kitovu cha galaksi, mwanga wake ukaingia kiooni umechanika mistari mistari, naye akatia nukta kwenye kila mstari unaoashiria madini ya chuma, ajue nyota zile zimeumbwa na vitu gani. Sasa macho yake yana ukungu. Kuzitia upya hawezi.

Akawaza kukirudisha kioo kwenye bahasha yake, anyamaze. Nani angejua? Lakini mkono ulikataa, na fimbo ya mzee ilishaanza kugonga sakafu ya nje, ko, ko, ko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Mbona unahema kama uliyekimbizwa na mbwa?"

Akamweleza yote, ulimi mzito, asijitetee. Mzee akauliza vingapi. Kimoja, akajibu, namba kumi na saba. Mzee akakaa, akafumba macho. Mama alishajiona akimrudishia msimamizi funguo, kazi imekwisha.

"Kisimamishe dirishani," mzee akasema mwishowe. "Unaona nini?"

"Mistari. Mingine minene, mingine kama unywele."

"Anza kushoto. Nenda mpaka miwili iliyobanana kama mapacha."

Akahesabu. "Hii hapa, mwalimu. Lakini imefifia mno."

"Ndiyo hiyo. Chuma. Nyota hizo zilizaliwa ulimwengu ungali fukara wa chuma."

Mzee akapapasa kalamu mezani, akampa. Akamwambia, bila ukali, azitie nukta yeye mama, na kwamba akikosea mzee hataona. Kosa litaingia kwenye hesabu za nyota, likae humo.

Hapo ikamshika hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Akajifuta kiganja kwenye aproni, akabana pumzi isije ikatia ukungu kioo. Ncha ya kalamu ikasimama juu ya mstari, karibu iguse.