Macho ya Kuazima

Walimwita Pacha tangu utotoni, na hata baada ya dada yake kuzikwa hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina jingine. Kazi yake ilikuwa kuchapisha picha kwenye fulana. Alhamisi, siku ya tatu baada ya mazishi, alifungua duka saa mbili asubuhi kama kawaida, akafagia, akawasha kompyuta, akaanza jezi za timu ya shule. Waliopita kumpa pole aliwajibu "nimeshapoa", mkasi ukiendelea kukata karatasi.

Saa nne akaingia shangazi yake. Familia ilitaka fulana thelathini za kuvaa Jumapili, zenye picha ya marehemu.

"Picha yenyewe hii," alisema, akimpa simu. "Hakuna nyingine. Unamjua dada yako, ukitoa kamera anakwenda jikoni."

Ilikuwa ya harusini. Dada kasimama nyuma ya watu, na picha imerushwa simu hadi simu mpaka imechoka. Uso wake haukuzidi ukucha. Pacha alipoukuza, skrini ilijaa viraka vya rangi.

"Nikichapa hivi utaona vigae, hutaona mtu."

"Si ndiyo maana tumekuja kwako?"

Akaitia kwenye programu ya kusafisha picha. Baada ya dakika mbili akatokea mwanamke mwenye ngozi laini na kope ndefu, meno yamejipanga sawasawa.

"Amependeza," shangazi alisema.

"Siyo yeye."

Shangazi akavaa miwani. "Kweli. Huyu ni wa tangazo la sabuni."

Wakacheka kidogo wote wawili, kisha kila mmoja akatazama pengine.

Shangazi alipoondoka, Pacha alisimama mlangoni penye mwanga, akajipiga picha. Walikuwa wamefanana sana, ndevu tu ndizo zilizowatenga. Akakata macho yake na nyusi zake, akaziweka kwenye uso wa dada, akalainisha kingo, akapunguza ukali. Mdomo aliuchora upya kwa mkono, kidogo kidogo. Kufika saa nane alikuwa na mtu anayefahamika.

Kisha akachapa. Tandika fulana, weka karatasi, bana mashine ya joto, subiri ipoe, bandua. Mara thelathini dada yake alitokea chini ya karatasi, na mara zote alichoangalia Pacha ni kama rangi imeshika. Ya kumi na saba ilikaa upande. Akaitupa, akachapa nyingine.

Jumapili ua ulijaa sura ile ile. Watu walimsifu, akawashukuru. Mama yake alimwita pembeni, akakunjua fulana ambayo hakuwa ameivaa.

"Macho haya ni yako."

"Ndiyo, mama. Ya kwake hayakuonekana."

"La kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Umesahau?"

Pacha alijaribu kulikumbuka jicho hilo. Miaka thelathini na minne alikuwa amekula naye meza moja, na kilichomjia ni kazi yake mwenyewe ya Alhamisi.

"Nimesahau," alisema.

Mama hakumlaumu. Alikunja fulana taratibu. "Ile ya harusini huwezi kuichapa kama ilivyo?"

"Labda iwe ndogo, mama. Ndogo sana. Nikiikuza inavunjika."

"Basi iwe ndogo."

Jumatatu alichukua fulana nyeupe ya saizi ya mama yake. Aliichapa picha ile bila kuigusa, upana wa vidole viwili, upande wa moyo. Kwa udogo ule viraka vilijikusanya, na akaonekana mwanamke amesimama nyuma ya watu, anatazama pembeni, anataka kuondoka. Jicho halikuonekana, la kushoto wala la kulia.

Aliibandua karatasi, akavuta nyuzi mbili zilizotokeza kwenye pindo, akaitia fulana kwenye mfuko. Mteja wa jezi alikuwa mlangoni.

"Karibu," alisema Pacha. "Zako ziko tayari."