Nakala ya Ukurasa wa Kwanza

Katika kichochoro chote cha wapiga batiki, pale mjini Pekalongan, hakuna aliyemzidi Bu Tarwiyah, yaani Mama Tarwiyah, kwa mkono wa kalamu ya nta. Mabingwa wapo wanne, naye akiwemo. Mmoja kahamia Semarang, wa pili macho yameingia ukungu, na wa tatu husema hakuna anayemzidi yeye, na wateja wanamwamini.

Mwaka huo Tarwiyah alikuwa ukingoni mwa kutolewa dukani. Duka lenyewe ni la mtandaoni, mali ya ushirika wa akina mama kumi na wanane, na lina kurasa sita za saruni. Ukurasa wa kwanza ni wa mwenyekiti, Bu Kustinah, kwa sababu ni mwenyekiti. Kurasa nyingine hugawanywa kwa arisan: majina hukunjwa kwenye vikaratasi, hutiwa kwenye gilasi, gilasi hutikiswa, na jina linalotangulia kutoka hupewa ukurasa wa pili, linalofuata wa tatu, hivyo hivyo hadi wa sita; waliobaki husubiri nafasi. Kwa ajili ya ukurasa wa pili watu wamenuniana miaka. Kati ya majina matano yaliyotoka, la Tarwiyah lilikuwa la mwisho, akaangukia wa sita. Na sheria ya ushirika ni moja: ukikaa miezi mitatu hujauza hata saruni moja, unatoka, anaingia mwingine. Miezi mitatu ilikuwa inatimia siku ile ya kikao, nyumbani kwa Kustinah.

"Labda saruni zako zinatisha watu," alisema Bu Suminar wa ukurasa wa pili, mdomo umejaa wali wa megono.

"Labda. Wewe umeuza ngapi?"

"Moja."

"Nani kanunua?"

"Shemeji."

Tarwiyah alikuja na Mbak Wening, mpwa wa marehemu mumewe, fundi wa mitandao, anayemwita Bude, yaani mama mkubwa. Wening akafungua kompyuta ya ushirika, akasoma maandishi yanayojificha nyuma ya kurasa, yale ambayo mnunuzi hayaoni. Hakusoma sana.

"Bude, nimeliona. Kila ukurasa una mstari wa kuuambia mtambo wa kutafuta, mimi ni nani. Wako unasema, 'Mimi ni nakala tu ya ukurasa wa kwanza.' Kuanzia wa pili hadi wa sita, zote zinasema hivyo. Mtambo ukisikia nakala, unapita zake. Mtu akitafuta saruni ya tausi, yako hailetwi."

"Nakala?" Tarwiyah aliweka kikombe chini. "Kitu nimekichora miezi mitano, nukta kwa nukta, ni nakala ya matambara ya Kustinah yanayogongwa kwa mhuri?"

"Mtambo hauangalii kitambaa, Bude. Unaamini unachoambiwa."

"Kama mume wa Suminar."

"Mume wangu muache!" Kisha Suminar akafikiri. "Mbak, kwa hiyo huo ukurasa wa pili..."

"Karibu sawa na wa sita, Bu. Kila ukurasa ulitakiwa ujitaje wenyewe."

Suminar aliacha kula, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Mashine hizi bwana," Bu Kustinah alisema, akimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. "Duka lilikuja hivyo hivyo kutoka kwa waliotuuzia. Mimi, wallahi, hiyo kompyuta hata inapowashiwa sipajui. Na sheria ni sheria, Tarwiyah. Leo ni leo."

Wening alitafuta mahali pa kuurekebisha ule mstari. Akafungua huku, akafunga kule. Matokeo yake aliyaona, lakini ulipoandikiwa hakupaona.

Tarwiyah alimtazama mwenyekiti jinsi anavyokunywa chai kwa raha.

"Usijichoshe, mwanangu," alisema. "Futa rafu nzima ya saruni, kurasa zote sita. Tutapanga upya, na safari hii ukurasa wa kwanza nao uingie kwenye gilasi."

"Nifute, Bude?"

"Futa."

Wening akasogeza kidole.

"We mtoto, usiguse hapo!" Kustinah alikuwa ameshasimama. "Kwa nini ufute? Nenda kwenye mipangilio, shuka mpaka chini, kisanduku cha tatu, kile cha kijivu! Ondoa alama. Halafu bonyeza hifadhi mara mbili, ya kwanza huwa haishiki!"

Wening alienda kwenye mipangilio, akashuka mpaka chini, akakuta kisanduku cha kijivu, cha tatu. Akaondoa alama, akabonyeza hifadhi. Haikushika. Akabonyeza tena, ikashika.

Wanawake kumi na saba walimgeukia mwenyekiti wao.

"Nilisikia tu watu wakisema," alisema Bu Kustinah.