Hoteli Yenye Mnara wa Kanisa

Kabla hatujaona chochote tulisikia mayowe. Yalikuja kwa zamu: kwanza mngurumo wa magurudumu juu ya chuma, kisha sauti za watu wengi wakipiga kelele kwa pamoja, kisha kimya, na ndani ya kimya hicho vyura wa mabwawani wakaendelea na maneno yao. Mama yangu, aliyekaa kiti cha mbele akiwa amepakata mtungi wa matango ya chumvi, alifanya ishara ya msalaba.

"Kuna ajali huko," alisema.

"Si ajali, Bibi," Pola alimjibu kutoka nyuma. "Wanafurahi."

Mama alisema kwamba katika miaka yake sitini na minne hajawahi kufurahi kwa sauti ile, hata siku ya harusi yake. Pola hakumsikia. Alikuwa ameshusha kioo na kuanza kuhesabu sekunde kati ya yowe na yowe.

Pola ni mtoto wa dada yangu Dorota. Ana miaka tisa, na mimi ndiye baba yake wa ubatizo, cheo ambacho sikukiomba lakini sitakubali mtu aniambie sikistahili. Jumapili iliyotangulia alikuwa amepokea Komunyo ya kwanza. Ukumbini watu arobaini walikula mchuzi wa kuku na tambi, kisha zawadi zikaanza. Kaka wa shemeji yangu alitoa baiskeli yenye gia ishirini na moja. Mama wa ubatizo alitoa saa ya mkononi inayopiga simu. Kila mmoja alipigiwa makofi. Ndipo nilipogonga glasi kwa uma, nikasimama, nikatangaza kwamba mimi, Kajetan, nitampeleka Pola kwenye bustani ya michezo, ile kubwa yenye treni zinazopinduka angani, na tutalala siku mbili katika hoteli ya kifalme, Jumatano hadi Ijumaa.

Nilisubiri makofi. Mama aliweka upawa chini.

"Jumatano ipi, Kajtek?" aliuliza, kwa jina langu la utotoni.

"Hii inayokuja."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Nilikuwa nimesahau Wiki Nyeupe. Mtu mwingine angeweza kusamehewa, lakini mimi nililelewa parokia ileile. Baada ya Komunyo ya kwanza, watoto hurudi kanisani kila jioni kwa wiki nzima, saa kumi na mbili, wakiwa katika nguo zao nyeupe. Paroko wetu huwapa kadi yenye vyumba vinane, na kila jioni anagonga muhuri. Mwenye kadi iliyojaa ndiye anayetembea mstari wa mbele katika maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, na kikapu shingoni, akimwaga maua barabarani. Asiyejaza anatembea nyuma na wazazi.

Pola aliisubiri siku hiyo tangu ana miaka minne, alipoyatazama maandamano akiwa juu ya mabega yangu. Kikapu chake kilikwisha nunuliwa, na utepe umeshonwa. Alinishika mkono pale mezani akaniambia taratibu kwamba haidhuru, Mjomba, bustani pia ni nzuri. Hakulia. Kama angelia ningejua la kufanya.

Tiketi za Alhamisi nilikuwa nimezinunua, na kule kazini kwetu, mimi fundi lifti, likizo haibadilishwi kwa sababu ya kadi ya mtoto. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa paroko. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kanisa ni kanisa, padri yeyote agonge muhuri, nao utahesabiwa. Kwa hiyo tulihitaji kitu kimoja tu: hoteli yenye kanisa jirani. Mama akatangaza kwamba anakuja nasi, kuhakikisha.

Nilichagua kwenye kompyuta kwa makini, hilo asininyime mtu. Hoteli ya kwanza ilikuwa ya maharamia, vitanda vya watoto vimechongwa kama merikebu, lakini ramani ilionyesha imezungukwa na maji na msitu tu. Ya pili haikuwa hoteli kabisa, bali nyumba ya mama mmoja aitwaye Honorata Kłos, vyumba vinne, na katika picha yao kubwa kabisa kulikuwa na bembea na kuku. Niliipita kwa pumzi moja. Nimetangaza ufalme mbele ya watu arobaini, halafu nimpeleke mtoto kwa kuku?

Ya tatu ilikuwa Kasri la Joka. Bwawa la kuogelea lenye mtelezo, keki za unga asubuhi, mazulia mekundu. Na katika picha iliyopigwa kutoka dirisha la chumba, karibu kabisa, kulikuwa na mnara: mwembamba, paa la kijani, saa ya duara kifuani. Nilimwonyesha Mama. Alivaa miwani, akaitazama picha ile kama anakagua nyama buchani, akasema hiyo ndiyo. Kwetu malazi huchaguliwa hivyo. Marehemu baba yangu alipotupeleka baharini au milimani alitafuta mnara kwanza, vitanda baadaye, maana mwenye mnara dirishani hapotei njia wala hachelewi Misa. Sikusoma neno jingine. Nililipa.

Basi tulifika Jumatano saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Pola alipanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya tatu, akafungua pazia. Mnara ulikuwepo. Nilikunja mikono kifuani, nikamtazama Mama, nikamwachia nafasi ya kunisifu.

Ukaja ule mngurumo. Mnara ukafunguka tumboni, chini kidogo ya saa, na kigari chenye watu wanane kikachomoka humo, kikaning'inia hewani kwa kitambo, kikaanguka chini na mayowe yake yote.

Mama alitazama mpaka kilipotoweka.

"Naona waumini wanatoka," alisema.

"Mjomba," Pola akasema, "lile si kanisa."

Ulikuwa mnara wa mbao na plastiki, na ile saa ilikuwa imechorwa. Pola alitoa kadi yake kwenye bahasha, akaiangalia, akairudisha. Alifanya hivyo polepole sana, na mimi nikashuka ngazi nikiwa nimejaa hasira kama chungu kilichofunikwa.

Dada wa mapokezi alikuwa amevaa taji la karatasi lenye pembe za joka. Nilimwambia kwamba kupiga picha mnara wa namna ile bila maelezo ni kuwadanganya wacha Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa upole kwamba tangu hoteli ifunguliwe wageni wameuliza juu ya mito, mbwa na maziwa ya soya, lakini mimi ni wa kwanza kuja kusali. Kanisa la kweli lipo Podstawie, ng'ambo ya mabwawa, na Misa ni saa kumi na mbili. Asubuhi ni mwendo wa dakika tano kwa gari. Ila jioni, aliniasa, watu wote wanatoka bustanini na barabara ni hiyo moja, afadhali bwana uache gari. Nilimjibu kwamba naendesha tangu nina miaka kumi na nane na barabara sifundishwi na joka.

Saa kumi na moja na robo tukaondoka, Pola amevaa gauni lake refu na taji la maua madogo meupe. Dakika tano baadaye tulikwama nyuma ya basi la shule, na watoto kwenye dirisha la nyuma wakatutolea ndimi. Ilipofika saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumesogea urefu wa magari mawili. Nilipiga honi. Dereva wa mbele alishuka akaniuliza kama nina mabawa, maana kama ninayo, yeye yuko tayari kunipisha.

"Umechagua hoteli kama ulivyochagua viatu vya harusi ya dada yako," Mama alisema. "Vilipendeza sana kwenye sanduku."

Ilikuwa kweli; siku ile nilicheza peku. Kutoka nyuma Pola aliuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza tena baada ya dakika moja, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. Nikakata usukani, nikaliegesha gari majanini, nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa anavua samaki kwa ndoano na kumuuliza njia ya miguu. Alinyoosha kidole juu ya tuta la udongo lililopita katikati ya mabwawa. Mwisho wake, nyuma ya miti, kulikuwa na paa jeusi na msalaba. Dakika ishirini, alisema, kwa asiyesimama kutazama samaki.

Tukaenda. Tuta lilikuwa na matope ya mvua ya jana. Niliinua pindo la gauni la Pola kwa mikono miwili nikitembea nyuma yake, naye akaniambia nalishika kama waya wa lifti, nilegeze kidogo. Mama alikuja nyuma yetu na viatu vyake vya kanisani mkononi, akitembea kwa soksi, akinieleza kwa utulivu thamani ya soksi zile. Kando ya maji wavuvi walikaa kwenye viti vyao vidogo, na tulipopita wakavua kofia mmoja baada ya mwingine, kama mistari ya majani inavyolala upepo ukipita. Mmoja wao alimpa Pola hongera, akamwomba amkumbushe Bwana Yesu kwamba hapa hakuna samaki aliyeshikwa tangu juzi. Pola alikubali kwa uso mzito kabisa.

Tulipokuwa katikati ya tuta kengele ikaanza kulia. Nilimbeba Pola mgongoni nikakimbia. Nilitazama nyuma mara moja tu, nikamwona mama yangu anakimbia pia, sketi ameishika juu ya magoti, na anacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona hivyo.

Ndani, watoto wa Podstawie walikuwa wamejaa kwenye mabenchi mawili ya mbele, weupe watupu. Waligeuka wote kumtazama mgeni aliyevaa kama wao. Msichana mmoja mwenye miwani akasogea bila kuambiwa, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja, na Pola akaketi. Mimi nilisimama mlangoni, tope hadi magotini, nikihema kama fahali. Maombi yangu yalikuwa mafupi. Niliomba muhuri.

Baada ya Misa padri aliugonga bila maswali mengi, na Pola akaupulizia wino ukauke. Tukatoka uani. Jua bado lilikuwa juu ya mabwawa, na kutoka mbali yale mayowe yakaja, madogo sasa, kama ya ndege.

"Na kesho?" Pola akauliza.

Hilo ndilo swali nililotumaini kwamba halitaulizwa. Kesho tutakuwa bustanini mchana kutwa. Kurudi hotelini kuvaa, halafu barabara ile ile, ingetubidi tuondoke saa tisa, kabla Pola hajaifikia treni kubwa, maana foleni yake ni ya muda wa saa mbili.

Mama mmoja mnene aliyekuwa anafunga dirisha la sakristia alikuwa ametusikia. Akasema bustani ina lango la nyuma, linatokea kwenye tuta, wafanyakazi na watu wa kijiji wanalitumia na hakuna anayemzuia mgeni. Kutoka langoni hadi nyumbani kwake, pale penye uzio wa kanisa, ni dakika kumi. Wageni wake huacha nguo za watoto kwake asubuhi. Ana chumba kimoja kitupu kesho. Akajitaja jina: Honorata Kłos.

Ningeweza kunyamaza. Mama yangu hakujua lolote. Lakini kadi ya yule mtoto ilikuwa imeponea chupuchupu kwa sababu ya kiburi changu, nami sikutaka toba yangu iishie kwenye tope la miguuni tu. Nikasema mbele yao wote kwamba nyumba hii niliiona Jumatatu, nikaikataa kwa sababu ya kuku kwenye picha.

"Yule kuku tulimla Krismasi," alisema Bibi Honorata. "Picha ni ya zamani."

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta wa kanisa. Mimi nilimgeukia Pola nikamwambia kwamba safari hii anachagua yeye. Kule kuna bwawa na mtelezo, na kumelipiwa. Huku kuna bembea.

Alifikiri, akiuma ncha ya utepe. Aliuliza kama mtelezo utakuwa wazi jioni hii. Nikasema hadi saa mbili. Akamuuliza Bibi Honorata kama bembea inamchukua mtu mzima, akaambiwa inamchukua hata paroko. Basi, akasema, leo kasri, kesho hapa. Mama akasema kwamba laiti tungemwachia mtoto kompyuta tangu mwanzo, soksi zake zingekuwa hai.

Lakini Pola hakuondoa macho kwangu.

"Mjomba, wewe ukishapanga foleni huwa hutoki. Hata leo barabarani hukutaka kutoka."

"Nilitoka."

"Ulitoka umechelewa."

Hakuna aliyenitetea. Nilivua kofia, nikapiga goti kwenye kokoto ili nimtazame usoni, na padri aliyekuwa anafunga mlango akasimama na funguo mkononi.

"Sikiliza, Pola. Kesho saa kumi na moja kamili tunatoka kwa lango la nyuma. Hata kama tumebakiza watu wawili tufike mbele, hata kama ni mimi ninayelia nataka tubaki, unanishika sikio na tunatoka. Nakuahidi mbele ya Bibi na mbele ya Padri. Na siku ya maandamano utatembea mstari wa mbele, nami nitakuwa pembeni yako na ndoo nzima ya maua, ili kikapu chako kisiishe kabla ya mwisho wa barabara."