Wodi Isiyozinduliwa

Wodi ya wazazi ilikamilika mwezi wa pili. Mwezi wa tano ilikuwa bado na kufuli, eti Mheshimiwa hajapata nafasi ya kuja kuizindua. Vitanda vipya vilikaa ndani vimevikwa nailoni.

Miaka kumi na moja ya vita, wake zetu walijifungulia kwenye ghala la saruji. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau. Hospitali ya zamani tuliigawana kabla haijaporwa: jirani alificha mizani, fundi viatu sufuria la kuchemshia vifaa, sisi kitanda cha kuzalia, tukawa tunakianikia nguo.

Asubuhi ile mdogo wangu alishikwa na uchungu. Watoto wake wawili wa kwanza aliwazika kutoka ghala lile lile. Mkunga akampapasa, akasema mtoto ametanguliza makalio. Bila taa na maji ya bomba hamtoi salama. Vyote vimo wodini.

Nikamfuata mratibu wa ujenzi mpya, bwana wa kitambulisho shingoni. Akanieleza kwa upole kwamba zimebaki siku tisa tu Mheshimiwa aje. Nikamuuliza kama nikamwambie mtoto asubiri. Akasema hilo liko nje ya mamlaka yake.

Basi mimi na shemeji tukabeba kitanda chetu. Nailoni yao hatuigusi, wasije wakatuita wezi. Njiani hakuna aliyeuliza. Jirani akatoka na mizani, fundi viatu na sufuria lake. Mkunga alishatangulia na nondo. Kufuli lilikuwa la maana, ila bawaba zilifungwa kwa kazi ya kulipua. Ziling'oka kama jino la mtoto.

“Hawa walijenga ya kupigia picha,” mkunga akasema, akaingia kunawa.

Saa nane akazaliwa binti. Alikawia kulia, kisha akalia kwa hasira ya ukoo wetu.

Mratibu akaja na askari wawili na daftari, anataka majina ya wavunjaji. Tukapanga foleni. Fundi viatu akauliza kama dole gumba linakubalika. Askari mmoja akageuka ukutani kucheka.

Mdogo wangu akainua kichwa kitandani. “Kaka, mwambie aanze na mwanangu. Yeye ndiye aliyezindua.”

Mratibu akasema mtoto hana jina.

Mdogo wangu akamjibu, “Basi mwachie nafasi. Na mlango usirudishwe. Mimba ya mke wa fundi viatu imeingia mwezi wa tisa.”