Kidevu Juu Kidogo, Bibie

Haya ni kweli tupu, na naapa kwa kiti changu cha kamba, ambacho nimekikalia tangu nistaafu na ambacho hata wajukuu hawathubutu kukigusa. Ukikuta humu uongo, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, kiti si changu tena.

Kila siku, saa kumi kamili alasiri, mpiga picha tuliyemwita Usicheke alifunga studio yake, akavuka barabara, akasimama mbele ya benchi la zege lililokuwa nje ya uzio wa ofisi ya maji. Jina hilo alilipatia kazini. Kwa miaka thelathini na minane alipiga picha za vitambulisho, na kwenye kitambulisho kucheka hakutakiwi, kwa hiyo kila aliyekaa mbele yake aliambiwa usicheke, na wengi ndipo walipoanza kucheka. Alikuwa na mtindo wake: vidole viwili hewani, anavipandisha polepole, "kidevu juu kidogo," anahesabu moja, mbili, na tatu haitaji. Anabonyeza.

Mji mzima ulipita mbele ya kamera ile, isipokuwa mkewe. Yeye alimngoja kila siku kwenye benchi lile ili warudi nyumbani pamoja, na kila alipoitwa aje apigwe picha alisema kesho, nywele hazijasukwa. Alikufa kwa homa ya siku nne. Usicheke alipekua makabati na maboksi yote ya studio akakuta sura za watu maelfu, walio hai na marehemu, hata ya mbwa wa daktari. Ya mkewe hakuna. Mwezi wa tatu baada ya mazishi akagundua kwamba anaukumbuka mkoba wake, viatu vyake, hata namna alivyokohoa, lakini sura imeanza kumtoka.

Jumatatu moja alitaka kujaribu kamera iliyotoka kwa fundi, akalipiga benchi likiwa tupu. Alipoisafisha ile picha, mkewe alikuwa amekaa pale, kaelekea uzio, mgongo huku, mkoba mapajani. Usicheke akaianika kwenye kamba pamoja na picha nyingine, akala, akalala. Kesho yake akarudi saa ile ile.

Mkewe alikuwa anageuka. Kidogo kidogo, kama mkono mfupi wa saa. Wiki ya pili lilionekana sikio la kushoto na hereni yake. Baada ya mwezi, shavu. Picha ya arobaini ilionyesha ncha ya pua. Usicheke alipima kwa rula akaona ya arobaini na moja itatosha. Akawaambia wateja kwamba kesho hatakaa sana, mkewe anapigwa picha. Wakampa hongera, wakasema mwambie asicheke.

Wiki hiyohiyo simu za watu zilijaa habari kwamba kuna wageni wanaopiga picha matangi ya maji ili wajue pa kutilia sumu. Aliyeiandika hakujulikana, lakini kila aliyeipokea aliituma kwa jamaa zake wote, kwa kuwapenda. Na nyuma ya lile benchi kulikuwa na uzio, na nyuma ya uzio, tangi.

Siku ya arobaini na moja Usicheke alivaa koti. Picha zile arobaini alikuwa nazo mfukoni, apate kulinganisha. Akasimama, akapandisha vidole viwili.

"Kidevu juu kidogo, bibie," aliliambia benchi.

Kwenye foleni ya kulipia maji mtu mmoja akasema, "Anatoa ishara."

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua inakuja. Foleni ikageuka. Usicheke alihesabu moja, mbili, akabonyeza, kisha wakamfikia. Walikuwa watu tisa, mlinzi wa ofisi ya maji akiwamo, na kila mmoja alikuwa na kitambulisho mfukoni chenye picha aliyoipiga yeye. Aliwaeleza kwamba anampiga picha mke wake. Wakatazama benchi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Walimvunja vile vidole viwili kwanza, kwa kuwa ndivyo vilivyotoa ishara. Mlinzi akaifungua kamera, akauvuta mkanda wa filamu wote nje, juani, akaushika juu ili kila mtu aone hauna kitu.

Kituoni picha arobaini ziliandikwa kuwa ushahidi. Afisa alizipanga mezani, akamwona yule mwanamke, akafungua jalada la pili: mshirika, wa kike, ana mkoba, sura haijulikani, atafutwe. Usicheke akasema mkewe yuko makaburini tangu mwezi wa pili. Afisa akaiandika hiyo kama anwani. Siku ya tatu wakamwachia kwa kukosa kosa. Picha zilibaki kwenye jalada, kwa sababu mwanamke bado anatafutwa. Benchi likang'olewa kwa ajili ya usalama, kikawekwa kibao: MARUFUKU KUPIGA PICHA.

Mwaka uliofuata mlinzi alikwenda kubadilisha kitambulisho. Alikaa vizuri, akatazama mbele, na picha ikatoka kisogo. Wakarudia mara tatu. Kisogo. Kisha akaja wa pili katika wale, akaja wa tatu. Ofisi ya vitambulisho haikuhangaika. Ilifungua dirisha la pembeni, ikaweka karani mwenye macho makali, na sasa watu hao hutambuliwa kwa mikunjo ya shingo. Huduma ni ya haraka kuliko zamani.

Hapa nilikuwa nimeweka nukta na kusaini. Lakini mke wangu, mwalimu mstaafu, husoma kila ninachoandika, kalamu nyekundu mkononi.

"Umeandika tisa," alisema.

Nikamjibu ndiyo, tisa. Akaitoa ukutani picha ya mwaka huu ya harusi ya binti yetu, akailaza juu ya karatasi zangu. Mstari wa nyuma, kati ya mke wangu na shemeji yangu, kuna mtu aliyevaa suti yangu ya kijivu, kaipa kamera kisogo.

"Hesabu tena, mzee wangu."

Nikahesabu. Kumi.

"Na aliyesema anatoa ishara?"

Nikamwambia kalamu yangu imekauka. Akanipa yake.

Kesho yake, saa kumi kasoro robo, nilikibeba kiti begani hadi ofisi ya maji, nikakiweka pale palipobaki vyuma vya benchi. Usicheke alikuwapo. Huja kila siku, bila kamera. Hakunisalimu. Alikigeuza kiti kidogo kufuata mwanga, akarudi nyuma hatua zake nne. Kamba zikazama katikati, kiasi cha mwanamke mwembamba mwenye mkoba.

Vidole vya kulia havinyooki tena, kwa hiyo alipandisha vya kushoto.

"Kidevu juu kidogo, bibie."

"Mzee, ishara haziruhusiwi hapa," mlinzi alisema, kwa adabu kabisa, kisha akauliza kiti ni cha nani. Foleni ikanitazama. Nikasema kilikuwa changu. Akataka kitambulisho, akakigeuza huku na huku akitafuta sura, akaandika namba, akanirudishia.

Haya ya mwisho nayaandika nimekalia ndoo niliyoifudikiza, na mgongo unauma. Usicheke alishusha mkono kama alivyoambiwa. Lakini nilikuwa karibu, niliiona midomo yake. Moja, mbili. Tatu hakuitaja.