Medali na Dawa ya Meno

Mume wangu ni fundi saa, na wake wenza wangu ni wa shaba. Wako kumi na mmoja, wote medali za ukumbusho walizouziwa watu waliokwenda kwenye maonyesho ya dunia ya zamani kushangaa mashine na taa za umeme. Wanalala kwenye sanduku lenye mahameli nyekundu niliyoishona mimi, na mimi ndiye niliyetengeneza nafasi kumi na mbili. Moja ilikaa tupu miaka tisa. Mume wangu akifungua sanduku alikuwa anaitazama hiyo tu.

Medali ya kumi na mbili ilikuwa kwa mpima ardhi mstaafu tunayemwita Mzee Darubini. Walishakubaliana aibadilishe na ya aina ambayo mume wangu alikuwa nazo mbili. Lakini Mzee kila mwezi ana lake, mara mguu, mara mvua, mara amepata wageni. Hatimaye akatuma salamu kwamba Jumamosi saa kumi atakuja.

Mimi mgeni akija nyumba lazima ing'ae. Nilifua mapazia, nikasugua vikombe, kisha macho yakaangukia sanduku. Kwa miaka yote nilikuwa nazisema vibaya zile medali, basi nikaona leo nimfurahishe mwenye nazo. Nilichukua dawa ya meno na mswaki wake wa zamani, nikazisugua zote hadi bega likauma. Hata ile ya kubadilishana sikuisahau.

Mume wangu aliporudi kutoka dukani kwake akafungua sanduku, akakaa chini polepole. Afadhali angefoka. Alinieleza kwa upole kwamba ule weusi haukuwa uchafu, ndio umri wenyewe, na wakusanyaji huutafuta huo kabla ya kitu kingine. Nilikuwa nimesafisha miaka mia na zaidi kwa asubuhi moja. Nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu.

Mlango ukagongwa. Mzee Darubini aliingia akiwa na mkono mfukoni, akakataa hata kuvua koti. Mume wangu hajui kuficha, akamwambia hapo hapo kwamba medali zimesuguliwa na kama anataka kuondoka hatalaumiwa.

Mzee akatoa kioo chake cha kukuzia, akaipindua ile ya kubadilishana huku na huku. Nilihesabu saa za ukutani zikigonga, na nyumbani kwetu ziko nyingi.

"Nani amesugua?" akauliza.

"Ni mimi, Mzee. Kwa sababu unakuja."

Akatoa ule mkono mfukoni. Ndani ya leso mlikuwa na medali yake, inang'aa kama kijiko kipya.

"Hii aliisugua marehemu mke wangu, siku ile ile niliyoileta nyumbani. Nikamnunia wiki nzima. Nilikuwa naona aibu kuwaonyesha, ndiyo maana sikuwa nakuja." Akaiweka mezani, akaikunja leso tupu. "Leo ningetoa chochote anisugulie nyingine."

Mume wangu akakohoa. Akasema dukani ana nyingine kama ile, nyeusi, haijaguswa, aliyokuwa ameificha kwa ubahili, na sasa angeona vibaya kumpa mwenzake iliyoharibika.

"Hiyo kaa nayo," Mzee akasema. "Mimi nachukua hii, mtu ameihangaikia."

Akaifunga kwenye leso, akavua koti, akakubali chai. Medali yake ikaingia kwenye nafasi tupu, na katikati ya zile kumi na moja ungedhani wamezaliwa tumbo moja. Mume wangu alifunga na kufungua sanduku mara nne.

Jumatatu alirudi na ile nyeusi ya dukani, akaniwekea juu ya cherehani pamoja na mswaki mpya. Mswaki niliutupa kabatini, medali nimeitobolea nafasi ya kumi na tatu, na weusi wake.