Majani ya Mgomba kwenye Gari la Bwana Shauri

Gari la Bwana Shauri, ofisa mzungu wa wilaya, lililetwa uani kwa fundi Kathuri, nje kidogo ya Makutano, saa mbili asubuhi, na agizo lilikuwa fupi: injini ioshwe ili ijulikane oili inavujia wapi, na ifikapo saa sita liwe linawaka. Gereji alikofanyia kazi ilikuwa imefungwa kwa amri tangu wiki iliyotangulia. Sababu haikutolewa; katika mwaka ule wa tatu wa Hali ya Hatari, serikali ilikuwa imepunguza sana matumizi ya sababu.

Adhabu nayo haikutajwa. Haikuwa na haja ya kutajwa. Kirimi, ndugu yake Kathuri, alikuwa ametengeneza lori la serikali likazimika njiani, kosa likaitwa hujuma, na sasa alikuwa akiponda mawe kizuizini. Gari hili likikataa kuwaka, Kathuri angemfuata.

Kwa hiyo hakufanya haraka. Aliinua boneti akaiacha injini ipoe saa nzima, kwa maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka, na mafuta ya taa juu ya injini iliyochemka hayangoji kiberiti. Akafungua waya wa betri. Kisha akakata majani ya mgomba nyuma ya jiko, akayapitisha juu ya moto mpaka yakalegea, akayafunga juu ya distribyuta inayogawa umeme wa plagi, mdomo wa kabureta na dinamo, na kukaza kwa kamba za mgomba. Ufungaji huo aliujua tangu akiwa mjini Maua, alipokuwa akifunga miraa ya lori la mfanyabiashara Burale. Miraa iliyofungwa hivyo ilifika mbali bila kuguswa na jua wala mvua. Hakuona kwa nini distribyuta itake heshima kubwa kuliko miraa.

Alikuwa amekwisha kusugua grisi yote kwa brashi na mafuta ya taa wakati Mbae alipoingia bila kupiga hodi. Mbae alikuwa homugadi, jirani aliyepewa bunduki na serikali awalinde majirani dhidi yao wenyewe.

"Huyu mgonjwa ni wa nani, fundi, hata umemfunga bandeji?"

"Ni wa Bwana Shauri. Nazuia maji yasiingie."

Mbae alichungulia chini ya boneti. Uso wake ukabadilika.

"Majani ya mgomba. Na kamba za mgomba." Akarudi nyuma hatua moja. "Kathuri, unalilisha kiapo gari la serikali?"

Kila mtu alikuwa amesikia kwamba watu wa msitu, waliokuwa wakipigana na serikali, huwapitisha waapaji chini ya tao la migomba.

"Tao lenyewe huwa hivi?" aliuliza Kathambi, mkewe Kathuri, kutoka mlangoni mwa jiko. "Sisi hatujaliona. Wewe uliliona wapi, baba?"

Lilikuwa swali la haki kabisa, na ndiyo maana halikupaswa kuulizwa. Mbae aliyang'oa majani yote matatu akayatupa matopeni. Akanyoosha mkono.

"Pasi."

Kathuri alimpa kitabu chake cha pasi. Mtu wa Meru aliyekutwa bila kitabu kile alipandishwa lori palepale. Maelezo aliyatoa mwisho wa safari, kama alipata wa kumsikiliza. Mbae akakitia mfukoni mwa shati.

"Sasa osha tukuone."

"Bila kufunika haliwaki, bwana Mbae. Ngoja niyarudishe."

"Kumbe linahitaji mtu wa kulifundisha adabu," alisema Mbae, akainua ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya injini.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Maji yalitiririka, meusi, yakachuruzika chini ya gari. Kathuri alifungua vibanio vya distribyuta, akatazama ndani ya kifuniko. Kilikuwa kimejaa maji kama kikombe.

"Kitakaushwa kwa moto," alisema.

"Nitaleta makaa," alisema Mbae, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kushuka.

"Usilete moto hapa!" Kathuri hakuwahi kumpigia kelele mtu mwenye bunduki. "Mafuta ya taa haya! Unataka tuchomeke sisi na gari?"

Aliokota kamba moja ya mgomba matopeni, akaichana vipande vinne, akafunga kila waya wa plagi kwa mafundo yake, moja, mawili, matatu, manne, ili ajue pa kuurudisha, jinsi walivyokuwa wakitia alama marobota ya Burale. Akachomoa nyaya kwenye plagi, akaelekea jikoni na kifuniko kikining'iniza mikia yake ya nyaya. Bunduki ikamzuia kifuani.

"Hiyo ni mali ya serikali."

"Basi ipeleke wewe motoni. Au simama hapa, umweleze Bwana Shauri nani amemwaga maji."

Mbae aliitazama ndoo tupu. Bunduki ikashuka.

Kathambi alivua kitambaa chake cha kichwa, wakafuta kifuniko, wakakiweka karibu na majivu ya moto, si juu yake, maana kikiungua hakuna kingine. Kathuri alikausha nyaya, akarudi kwenye injini kukausha plagi. Alipomaliza kurudisha kifuniko na nyaya fundo kwa fundo na kufunga betri, mlio wa gari jingine ulikuwa tayari njiani.

Bwana Shauri alishuka, akatazama saa, akaketi kwenye usukani wa gari lake. Injini ilikohoa ikanyamaza. Mbae alitazama miguu yake. Mara ya pili ilikohoa, ikasita, ikashika.

"Safi sana," alisema Bwana Shauri kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Wewe ulifunika distribyuta kwa kitu gani?"

Kathuri aliutazama mfuko wa shati la Mbae.

"Majani ya mgomba, bwana. Na pasi yangu anayo Mbae. Alinishikia isilowe maji."

"Vizuri. Mbae, mrudishie."

Mbae alifungua mfuko polepole kuliko mfuko unavyohitaji, akatoa kitabu. Kathuri alikipokea kwa mikono miwili, akaacha alama ya oili kwenye jalada.

Bwana Shauri alikuwa amevutiwa. Aliamuru magari yote ya boma yaoshwe namna hiyo, na kwa kuwa Mbae alionekana kuielewa kazi, yeye ndiye atakayekata majani. Jumatatu asubuhi, watu waliokuwa wakienda sokoni walimwona homugadi akivuka barabara na mzigo wa majani ya mgomba kichwani, akielekea ofisi za serikali. Walishusha macho, wakapita upande wa pili, kama watu wasiotaka kuulizwa tao la kiapo waliliona wapi.